Madirisha ya Ndege ya Mama

Mama alikuwa na pasipoti, chanjo alikwisha kuchomwa, na nafasi yake kwenye msafara wa Hija ilikuwa tayari. Kilichokosekana ni moyo wa kupanda ndege. "Hija ni kwa mwenye uwezo," alituambia, "na mimi uwezo wa kupanda hilo dude sina." Ukibishana naye anakutolea aya, na mimi sibishani na mtu mwenye aya.

Nina ugonjwa wa kuunda vindege vya plastiki. Wanawake wa rika langu hapa Bagamoyo wakipata nafasi wanafuma vitambaa. Mimi napaka rangi mabawa. Basi nikatoa kabatini boksi la ndege ya abiria nililokuwa nimeliweka siku nyingi. Nilitaka mama akione anachokiogopa kikiwa kimetulia kiganjani mwake. Lakini ilikuwa masika, na ile rangi nyeupe niliyoinunua Kerege ilikataa kabisa kukauka. Nikaiacha ndege mezani, nikaifunika kawa isituliwe na nzi.

Siku rangi ilipokauka, mama akafunua kawa akitafuta chakula. Akakuta ndege nyeupe pee, haina hata tundu.

"Mwanangu, watu humu wanapumulia wapi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamweleza kuwa madirisha bado: yanakuja kama stika kwenye karatasi, unailoweka, na ikilegea unaitelezesha mahali pake. Hakuniamini. Ikabidi nilete kisahani cha maji mbele yake.

Mstari wa madirisha ukaachia karatasi, mwembamba kama ganda la kitunguu. Nikautelezesha ubavuni mwa ndege kwa brashi, na kwa papara zangu nikaukunja mwishoni. Mama akanisukuma kwa kiwiko. "Haraka haraka haina baraka. Lete hapa." Akavaa miwani, akausogeza taratibu mpaka ukanyooka, kisha akaukandamiza kwa kitambaa cha pamba. Upande wa pili hakuniruhusu hata kushika brashi. Alikuwa anafurahi, namjua. Akifurahi huimba mdomo umefumbwa.

Alipomaliza akaigeuza ndege huku na huku, akapitisha kidole dirisha kwa dirisha kuanzia mlangoni, akakisimamisha nyuma ya bawa.

"Mtu akikaa hapa," akasema, "mawingu anayaona, injini haioni."

Nikajifanya naosha brashi. Niliogopa nikitia neno nitaharibu.

Akafuta mikono, akajitanda kanga vizuri, akanigeukia. "Haya, nianze na wewe. Niwie radhi, mwanangu, kwa yote niliyokukosea."

Kwetu anayekwenda Hija haondoki kabla ya kuwazungukia watu wake kuwaomba radhi, na mama alikuwa hajamwendea hata mmoja. Machozi ya furaha yakanitoka. Nikamrukia shingoni, nikamwambia nimesamehe, nimesamehe yote, nimesamehe zamani.

"Hebu tulia," akasema. "Hata sijakutajia."