Rangi Nyekundu ya Baba

Juzi, katika karakana moja pale Kapsoit, nilimwona fundi akipaka chuma rangi nyekundu, nikakumbuka Jumamosi moja ya utoto wangu.

Baba alikuwa na mashine kuukuu ya kukereza vyuma kwenye kibanda nyuma ya jikoni. Jumamosi ile mchana alikuwa akisawazisha reli zake, zile njia za chuma za juu yake, zilizolika. Alipaka rangi kwenye bamba lililonyooka kabisa, akalisugua juu ya reli, kisha akakwangua kila palipobaki doa. Kibanda kilinuka mafuta ya taa na majani chai yaliyokuwa yakikaushwa katika kiwanda cha jirani.

"Rangi haifichi kitu," aliniambia mimi niliyesimama mlangoni.

Asubuhi nilikuwa nimegongea msumari wa gari langu la waya juu ya reli hiyohiyo, nikiunyoosha. Niliamini rangi ilikuwa ikinitafuta mimi. Sikujua kwamba hushika tu mahali chuma kimeinuka. Wala sikujua kwamba nyundo huinua chuma kandokando ya pigo.

Baba aliinua bamba. Doa moja lilikaa peke yake, dogo kama kucha yangu. Alilitazama kwa muda mrefu. Nilikojoa nikiwa nimesimama palepale.

Akachukua patasi, akaanza kulikwangua polepole, bila kugeuka.

"Na huo msumari, Chemutai, ulinyooka?"