Sehemu ya Pili Walipoufungua Mlango

Nilikwenda kuangalia sehemu ya pili nikimwomba Mungu iharibike. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, ndivyo wasemavyo. Mimi nilishiriki kwa moyo wote na bado kiuno kilizidi kutanuka, na ni hicho kiuno kilichoninyima nafasi.

Sehemu ya kwanza ilikuwa yangu. Mwalimu mmoja wa sekondari hapa Bariadi alitunga igizo la nyimbo, tukalicheza kwenye ghala la zamani la pamba, jukwaa la mbao, viti vya kuazima kanisani. Hadithi ilikuwa nyepesi. Binti anachumbiwa na mtu asiyemjua, ng'ombe wa mahari wanafika nje, naye yuko chumbani anaambiwa atoke. Huyo binti nilikuwa mimi. Mwishoni nilisimama mbele ya mlango wa turubai, kengele za ng'ombe zikalia upande wa pili, nikauimbia mlango: nikikufungua, ni nani anayeningoja? Taa zikazimwa. Bwana harusi hakuonekana, na kama nilitoka au sikutoka, hakuna aliyeambiwa.

Watu walikasirika, kisha wakarudi kesho yake kukasirika tena. Sokoni nikaanza kuitwa Bibi Harusi. Wimbo ule ukaimbwa kwenye sherehe za kuaga mabinti hadi vijijini, na kila mtu akawa na mwisho wake. Mwenye duka la vitenge linalopakana na kibanda changu, mzee mwenye kofia yake ya kiua na heshima zake, aliniambia kwa uhakika, "Yule alipitia dirishani, dada. Saa zile yuko Malampaka anangoja treni." Shangazi yangu wa Zagayu akasema huo ni upuuzi. Ng'ombe za watu zikishafika zimefika. Binti alitoka, akamkuta mwanamume mpole mwenye mwanya. Huo mwanya aliutoa wapi, mwenyewe hakujua.

Miaka ikapita, mwalimu akatangaza sehemu ya pili. Nilifurahi kuliko wote, mpaka aliponijia kibandani na sura ya mtu anayeleta taarifa ya msiba.

"Dada, hadithi inaanzia palepale mlangoni, siku ileile. Binti bado ni binti. Unanielewa?"

Nilimwelewa sana. Nafasi yangu alipewa msichana wa Nyalikungu, kule Maswa. Gari la matangazo lilipopita likipiga sauti yake nilitafuta kasoro nikaikosa, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Shangazi akaona ninavyosononeka. "Ng'wanone, mwanangu, twende kwa mganga wa ngoma akuchanje dawa ya mvuto. Watu watamkimbia wenyewe." Nilimjibu kuwa mimi ni mtu wa kanisani. Lakini sikumjibu haraka.

Siku yenyewe ghala lilijaa. Wimbo wa kwanza tu, mlango ukafunguliwa, akatoka bwana harusi mwenye suti, mrefu, meno yamepangana vizuri. Nikamsikia shangazi pembeni yangu akinong'ona kama aliyeibiwa, "Mwanya uko wapi?" Mzee wa vitenge alikunja mikono kifuani. Treni haikutajwa popote. Kisha wakauleta wimbo wangu, umeongezewa kinanda na mwendo wa kuchezeka, na kila mara msichana alipouliza, bwana harusi alijibu. Watu walikuwa wameliimba swali lile miaka yote bila kuhitaji jibu. Kila mmoja alishaimaliza hadithi nyumbani kwake, akailaza akaiamsha, na sasa alikuwa ameitwa kuangalia mwisho wa mtu mwingine. Nilikuwa nimedhani mwenye wivu ni mimi peke yangu, kumbe ni ghala zima.

Wakati wa mapumziko tukatoka uwanjani. Mama mmoja akanishika mkono, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Hebu tuimbie ule wetu."

Sikubembelezwa mara mbili. Niliimba nikiwa nimesimama kwenye vumbi, bila kinanda, taratibu kama zamani. Kengele ya kurudi ndani ikalia, hakuna aliyesogea. Mgeni angeona ni uvivu tu. Kwetu ngoma mbili hupigwa uwanja mmoja kwa wakati mmoja na hatuhitaji jaji. Mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi. Ndani kinanda kilikuwa kimeanza, na watu wote walikuwa kwangu. Nilipandisha sauti ili yule msichana asikie. Sitasema uongo, ilikuwa tamu.

Akasikia, akatoka. Alikuja na shela lake kichwani, nikajua anakuja kugomba, nami nilikuwa na maneno yangu tayari. Badala yake alipenya hadi mbele yangu, akaimba pamoja na umati, kila ubeti, machozi yakimharibia poda.

Tulipomaliza akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

Hilo la mama lilinichoma. "Marahaba," nikaitikia huku nimeuma meno.

"Mchezo wa kwanza niliuona nikiwa mdogo, bado nipo shule ya msingi. Baba alinileta kwa pikipiki. Taa zilipozimwa nililia mpaka akaninunulia soda."

Basi ikawa amefungulia maji. Mama aliyenishika mkono akasema yeye alilia kengele zilipoanza. Shangazi alilia mapema zaidi, binti alipovuliwa kitenge cha mama yake. Mzee wa vitenge akakohoa, akasema kwamba vumbi la pamba lilimwingia machoni, wakamcheka. Walikuwa wakielezana siku ile huku wamenipa mgongo, nyuso zinang'aa, na mimi nikiwa katikati yao nimekauka.

Msichana akanigeukia. "Na wewe mama, wewe ulilia wapi?"

Sikulia popote. Siku ile nilikuwa nabana pumzi ili sauti isikatike, na nyuma ya turubai namwona mwalimu anatikisa kengele ndani ya ndoo, jasho linamtoka, ananikonyeza nisimalize haraka. Nikawaonea wivu wote, mmoja mmoja, hadi yule msichana na soda yake. Bariadi nzima waliuona mchezo ule. Mimi sikuwahi kuuona.