Sauti yangu tamu ilivyotaka kumfelisha mpwa wangu mwenye akili kunishinda

Wakuu, nawasalimu kwa heshima, walio nyumbani na wanaosoma huku wakijifanya wako kazini.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Pale penye aibu nimejiaibisha kwa mkono wangu, kwa hivyo asiseme mtu nimetia chumvi. Ningekuwa natunga ningejitungia sifa.

Mimi ni karani katika ofisi ya clearing, ya kutoa mizigo bandarini, pale Kilindini. Kukiwa na sherehe husoma maulidi. Sauti ninayo, sitajificha. Nikianza kusoma, hata wapishi hutoka jikoni na mwiko mkononi.

Dada yangu mkubwa, Zuhura, anakaa Mji wa Kale, ghorofa ya pili, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Ana binti mmoja, Swafiya. Kisa kilipoanza alikuwa gredi ya nane.

Huyu mtoto alitutatiza sana. Ukimuuliza hesabu kwa mdomo anakujibu hujamaliza swali. Ukimpa hesabu ile ile kwenye karatasi, anarudi na sufuri.

Walimu wakasema ni mvivu. Mamake akasema ni jicho la watu. Mimi nikasema ni simu. Kila mtu na utabibu wake.

Kusoma tulijua anasoma. Akishika kitabu cha hadithi, kidole kinafuata mstari na maneno yanateremka bila kukwama.

Siku moja utundu ukanipanda. Nikavua jalada la kitabu chake cha hadithi, nikakivisha kitabu cha kilimo. Nikampa, nikamwambia anisomee ukurasa wa kwanza.

Akaweka kidole. Akanisomea sungura na fisi neno kwa neno, na vituo vyake vyote. Huku kidole kinapita juu ya habari za mbolea ya samadi.

Nilicheka hadi nikapaliwa. Kisha nikamtazama usoni, kicheko kikanikauka. Alikuwa ameshajua kwamba amekamatwa.

"Mjomba, usimwambie mama," akasema. "Herufi haziniketii. Nikizitazama sana zageuka."

Kumbe tangu darasa la kwanza alikuwa anasikiliza wenzake wakisoma, anahifadhi kila kitu kichwani, kisha anajifanya anasoma. Madrasa nako amehifadhi juzuu nzima kwa masikio tu, na ustadhi anamtolea mfano kwa wavivu. Kwetu sisi mtoto anayesoma kwa ghibu ndiye msomaji bora, kwa hivyo nani angemshuku? Niliona uchungu, wakuu. Miaka minane mtoto amebeba mzigo ule peke yake, na sisi watu wazima tunambishania jicho na simu.

Nikaenda shuleni kwao kimya kimya. Kuna mwalimu anayeshughulika na watoto wanaohitaji msaada wa kusoma, tumwite Madam Nekesa. Mtu wa bara, mpole, lakini macho yake yanakupekua mifukoni.

Akanieleza kwamba hali hii huitwa disleksia. Mtoto anaweza kuwa na akili nyingi na bado maandishi yakamshinda. Akaniambia pia kwamba mtihani wa kitaifa wa gredi ya tisa ndio utakaochangia kuamua kama Swafiya atasoma sayansi huko mbele au la. Na Swafiya hataki kitu kingine ila uhandisi.

Akipimwa na kuombewa mapema, anaweza kupewa muda wa ziada na mtu wa kumsomea maswali ya hisabati na sayansi. Bila hivyo atafelishwa na hesabu anazozijua.

Ilitakiwa sahihi ya mzazi kwenye fomu tu. Nikajua hapo tumemaliza. Mimi natoa mizigo bandarini, nishindwe na sahihi ya dada yangu?

Nikashindwa.

"Hapa juu pameandikwa ulemavu," Zuhura akasema. "Siitii mkono. Mwanangu ana mato mawili na mikono miwili. Wataka mtaa mzima umwite kilema? Kesho nani atakuja kumposa?"

"Dada, ana miaka kumi na mine. Posa ya nani?"

"Toka na karatasi zako."

Nikatoka. Fomu ikakaa kwangu wiki tatu.

Kilichoniokoa ni kabati. Jirani wa juu alikuwa anaoza binti, limeletwa kabati la milango mitatu la bibi harusi. Mnazijua ngazi za nyumba zetu, mtu mnene akipanda, anayeshuka husubiri chini. Mahamali wanne wamelisukuma kabati mpaka limekwama kwenye kona. Halipandi, halishuki. Wanaume tumejaa, kila mmoja anatoa amri, na mimi ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Swafiya alikuwa ameketi ngazi ya juu, anatazama tu. Mwishowe akasema, "Lisimamisheni kwa kitwa, miguu iangalie dirisha. Kisha lizungusheni kushoto, msilinyanyue."

Tukamcheka. Kiongozi wa mahamali hakucheka, alikuwa amechoka. Wakafanya alivyosema. Kabati likapita kama limepakwa mafuta.

Yule mzee akajifuta jasho, akamgeukia Zuhura. "Mama, huyu mtoto msomeshe."

Asubuhi yake Zuhura akatia sahihi, akaikunja fomu mara nne, akanitilia mfukoni kama ananipa bangi. "Pita vichochoro vya nyuma," akaniambia. "Usipite nayo Ndia Kuu."

Swafiya akapimwa, maombi yakapelekwa, na baadaye, akiwa gredi ya tisa, kibali kikatoka. Sasa ikabaki kumzoesha kusomewa maswali. Nani atamsomea? Wakuu, swali gani hilo. Msomaji nipo!

Kila jioni baada ya kazi nakunywa kahawa yangu, nakohoa kidogo, naanza. Karatasi za zamani, majibu ninayo mkononi. Wiki ya kwanza akapata thelathini na moja kati ya arubaini. Wiki ya tatu, thelathini na nane.

Nikavimba. Ofisi nzima ikajua. Nikaanza hata kuwashauri watu wenye watoto ambao hawakuniomba ushauri.

Shule wakafanya jaribio, Madam Nekesa ndiye msomaji. Swafiya akapata kumi na nne.

Nilikwenda kwa hasira. Nikamwambia Madam, kwa adabu zetu za pwani ambazo ukizichambua ni matusi, kwamba pengine sauti yake haimwingii mtoto. Hakukasirika. Akanipa karatasi niliyokuwa nikiitumia nyumbani, akafumba macho. Swafiya ameketi pembeni.

"Nisomee majibu tu, A mpaka D," akasema. "Swali usilisome."

Nikasoma kumi. Bila kusikia swali hata moja, Madam akapata tisa.

Wakuu, nilitamani sakafu ipasuke. Sisi tuliolelewa na kusoma kwa mahadhi hatuwezi kusoma hata bei ya nyanya bila kupandisha na kushusha. Nikifika kwenye jibu lenyewe, sauti inapanda minara bila mimi kujua. Mtoto hakuwa anasikiliza maswali. Alikuwa ananisikiliza mimi.

Nikamgeukia. "Ulikuwa wajua?"

"Tangu siku ya kwanza, mjomba. Ukikaribia jibu huvuta pumzi."

"Mbona hukuniambia?"

Akainama. "Ulikuwa wafurahi."

Hapo sikuwa na utani tena. Yeye aliyezoea kuficha shida yake ili sisi tutulie, nami nikampa sababu nyingine ya kuficha. Na imebaki miezi mitatu tu kabla ya mtihani.

Nikajiuzulu usomaji. Nikatafuta mtu mwenye sauti kavu kuliko zote Mombasa, na sikwenda mbali. Ofisini kwetu kuna Mutiso, kijana wa Machakos, kazi yake ni kusoma namba za kontena kwenye simu ya upepo kutwa. Mutiso akikusomea habari ya harusi yako utadhani mizigo imepotea. Ujira wake ulikuwa mahamri na mbaazi za Zuhura, na alikula kama mtu aliyetumwa.

Jioni ya kwanza na Mutiso, Swafiya alipata kumi na mbili. Akalia. Mamake akanitazama vile dada wakubwa wanavyojua kutazama.

Lakini mtoto hakuacha. Wiki ya pili akamwambia Mutiso, "Usinisomee majibu kwanza. Nisomee swali, ngoja nilichore, nitoe jibu langu. Kisha ndipo unisomee ya kwao." Ikiwa sentensi ndefu, anamwamuru arudie kipande cha mwisho tu. Aliyekuwa anajificha sasa anamtuma mtu mzima bila kupepesa jicho. Namba zikaanza kupanda polepole, na safari hii zilikuwa zake.

Mtihani akaufanya. Msomaji alikuwa mtu asiyemjua kabisa.

Siku ya matokeo tulijaa sebuleni, Mutiso naye yupo, mbaazi zipo. Ujumbe ukaingia kwenye simu ya Zuhura. Nikanyoosha mkono, maana kusoma si ni kazi yangu? Zuhura akanipiga kofi la mkono.

"Mpeni mwenyewe. Ni yake."

Swafiya akaweka kidole kwenye kioo cha simu. Akasoma. Neno moja, akakwama, akarudi nyuma. Kuna neno la Kiingereza lilimkatalia mara tatu. Nilijitia hamri zima mdomoni nisije nikamsaidia. Ilichukua dakika nyingi.

Hisabati, kuzidi matarajio, daraja la juu kabisa. Sayansi, kuzidi matarajio. Kiingereza alikuwa bado hajayafikia matarajio, na ukweli ni kwamba huko hakufanya vizuri. Zuhura hakungoja. Alikimbilia dirishani akapiga kigelegele, jirani wa ng'ambo akafungua dirisha lake kuuliza kuna nini.

"Swafiya amesoma!" akajibu, na mtaa mzima ukasikia.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba mtoto mwenye akili huweza kukudanganya kwa mapenzi tu. Mpimeni mapema, tieni sahihi, kisha mnyamaze afanye mwenyewe.

Mliopitia haya na watoto wenu semeni hapa, hasa mliopata taabu kwenye fomu. Na wanaotaka kunicheka kwa sauti yangu nao wana nafasi, ila wacheke bila mahadhi.