Kikaratasi Nyuma ya Simu

Simu yangu huwa naivaa. Inakaa kiunoni upande wa kulia, ndani ya kifuko cheusi cha ngozi kilichopitishwa kwenye mkanda, chenye kifuniko kinachosema pa! ukikifungua. Nilikinunua nilipoanza kazi ya ghala, nikiwa nashinda juu ya ngazi na makreti mikononi, na nikaona mtu aliyekabidhiwa funguo hafai kuchimba mfukoni kama anayetafuta njugu. Funguo zenyewe zilikuwa mbili. Mtaani kwetu Rugerero wakanipa jina la Afande. Mke wangu, anayejua kwamba nikitoka kazini sina safari nyingine isipokuwa ya kwenda kwenye kiti cha dirishani, akaliongezea: Afande wa Sebuleni.

Sikatai. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna wanaomwomba Mungu awape safari. Mimi namshukuru mvua ikinyesha Jumamosi, maana hakuna atakayeniuliza mbona sikuja.

Kwa ajili ya Jumamosi hizo nilijifundisha ufundi mmoja, na zamani nilijivunia. Simu yangu ni ya vitufe. Ikiita, ukibonyeza kile chekundu anayepiga anajua umemkataa, na huo ni ugomvi. Ukibonyeza kile kidogo cha ubavuni, inanyamaza kwako tu. Yeye huko aliko anaendelea kusikia inaita, anasema moyoni, labda ameiacha chumbani, maskini. Basi mimi nilikuwa nakipata hicho cha ubavuni kwa kidole gumba, juu ya ngozi, bila kufungua kifuko, bila kuangalia, bila hata kuacha kutafuna. Inaita nusu, gumba linashuka, kimya. Nimefanya hivyo kanisani. Nimefanya hivyo mbele ya wakwe zangu, na mama mkwe akanisifu kwamba simu yangu haina kelele.

Shangazi yangu, dada yake baba, anaishi Goma, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Familia iliporudi Rwanda yeye alibaki, alikuwa ameolewa kule, na mimi nilibaki naye miaka mitatu mpaka nikamaliza shule ya msingi. Alinilisha, akaninyoa, akanipiga kwa haki. Shangazi hapigi simu, anabipu: inaita mara moja, anakata. Kwetu bipu ya mtu aliyetoka kuagana nawe ina maana moja tu: nimefika. Huipokei, humpigii, unamshukuru Mungu unaendelea na chai yako. Ukikosea ukaipokea, anakuja juu: "We! Juu gani unakamata? Sikukuita, nilikubipu!"

Jumamosi ninayoisema alivuka asubuhi kuja kuchukua gauni jeupe kwa fundi wetu wa hapa mjini. Kesho yake, misa ya kwanza, mjukuu wake angepokea komunyo, na Shangazi hamwamini fundi wa Goma hata mmoja. Upindo wa chini aliagiza uachwe wazi. "Ule mutoto anakomea, anarefuka kila siku," alisema. "Nitamuvalisha leo magaribi, nipime, nishone na mukono yangu." Gauni likakaa mezani kwetu ndani ya plastiki, na mke wangu akaliondolea chupa ya mafuta mara mbili.

Tulipokuwa tunakula, Shangazi akatoa kifuani kile kikaratasi cha kuvukia mpaka tunachokiita jeton, chenye muhuri wa asubuhi; bila hicho huruhusiwi kurudi jioni. Kilikuwa kimelowa jasho.

"Angalia vile kinafanana," akasema. "Wataniambia wino haionekane."

Hapo ndipo Afande alipopata kazi. "Nipe, Shangazi. Hapa ni salama kuliko kifua." Nikafungua kifuko, pa! Nyuma ya simu kuna nafasi nyembamba ambamo huwa naweka kitambulisho. Nikakikunja mara moja, nikakiingiza, nikafunga.

"Eeh! Mutoto yangu amekuwa ofisi," Shangazi akacheka.

"Ofisi isiyofunguliwa Jumamosi," akasema mke wangu. Yeye alikulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka na huwa ananichapa nacho.

Tulicheka sote. Halafu tukala, tukaongea habari za marehemu na za walio hai, na ilipofika saa tisa na nusu hakuna kati yetu watatu aliyekumbuka karatasi.

Kwa desturi mgeni husindikizwa, na mgeni wa kuvuka husindikizwa mpaka kwenye bariyeri, geti la mpakani, umwone anapotelea upande wa pili. Mke wangu alinitazama. Mimi nikatazama mawingu. Nikamsindikiza Shangazi mpaka kwenye kona ya ua wetu, nikasimamisha moto, yaani pikipiki ya abiria, nikampakia na gauni lake, nikampungia mkono. Ule mkono mwingine, nakumbuka vizuri, ulikuwa umetulia juu ya kifuko.

Nilikuwa sijamaliza kikombe cha pili simu ikaita. Nusu. Gumba likashuka.

"Shangazi amefika," nikasema.

"Mapema hivi?"

"Amepata moto ya haraka."

Mke wangu akaacha kukunja nguo. "Ilikatika yenyewe, au umeikata wewe?"

Swali hilo nimeulizwa na mtu mmoja tu duniani, na lilikuwa swali lenyewe hasa. Bipu inaita mara moja na kukatika. Simu ya mtu anayekuhitaji, gumba langu likishaipitia, nayo inaita mara moja na kukatika. Katika sikio langu hazina tofauti. Ningeweza kufungua kifuniko na kuangalia. Nikajibu, "Bipu ni bipu, mama," nikajimiminia chai.

Ikaita tena. Sasa hiyo nilijua ni nani. Jirani yetu alikuwa anamwoza binti yake, mwenyekiti wa kamati alikuwa ameitisha kikao saa kumi, na wiki nzima niliambiwa kwamba bila mimi mambo hayaendi. Gumba. Ikaita tena. Gumba. Mara ya tano nilianza hata kujisikia mtu mkubwa. "Wananitafuta kama waziri," nikamwambia mke wangu. Hakucheka. Mvua ilikuwa imeanza na mimi nilikuwa nimenyoosha miguu.

Ilikaribia saa kumi na mbili mtu alipogonga. Alikuwa dereva wa moto, koti lake linachuruzika, hata kofia ya kichwani hakuivua.

"Muzee, ni weye uko na simu ku kiuno?"

"Ndiyo mimi."

"Kuna mama iko ku bariyeri, amekaa na robe nyeupe. Anasema uangalie nyuma ya simu yako."

Sikuelewa kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikaelewa. Nilifungua kifuko, na mara ile sauti ya pa! ilinikera masikio. Jeton ilikuwa pale, imekauka vizuri, wino unasomeka. Kwenye simu kulikuwa na simu saba nilizokosa, zote za Shangazi. Mwenyekiti hakuwa amenipigia hata mara moja. Mke wangu alisoma orodha hiyo kutoka begani kwangu, taratibu, mpaka mwisho. Angenitania ningeshukuru. Aliniletea koti.

Tulishuka mjini na yule dereva, matope yakiruka, nami nikimwambia harakisha, mimi ambaye maishani sijawahi kumwambia mtu harakisha. Tulipofika, geti lilikuwa limefungwa, kama kila siku saa kumi na mbili. Shangazi alikuwa amekaa chini ya baraza ya kibanda cha kuuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, magoti yamebanwa pamoja, gauni limelala juu yake kama mtoto mgonjwa. Kanga yake alikuwa ameivua mabegani akaifunikia plastiki. Yeye alikuwa amelowa.

"Bon," akasema. "Umekuja."

"Shangazi, nisamehe."

"Walinirudisha ku dirisha. Nikakuita, nikakuita. Inaita tu muzuri. Nikasema, pengine amekufa, juu simu yake iko muzima." Akanitazama. "Juu gani haukukamata?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kuwa mtu. Alikuwa ameniuliza kwa upole, kama alivyokuwa akiniuliza zamani nani amelamba sukari. Nami nikamjibu kama nilivyomjibu zamani.

"Ni rezo, Shangazi. Mvua ikinyesha mtandao unaharibika."

Macho yake yalishuka mpaka kwenye mkanda wangu yakakaa hapo kidogo. "Rezo," akasema.

Njiani tukirudi kwangu nilimwambia geti litafunguliwa asubuhi mapema, atawahi misa, mambo yatakuwa sawa. "Ndiyo, nitafika," akajibu. "Na upindo, nitapimia wapi leo? Ku mwili yako?"

Jioni ile aliazima simu ya mke wangu akampigia binti yake. Nilikuwa sebuleni, kwenye kiti changu, na ukuta wetu ni mwembamba. Nilisikia sauti ya binti ikipanda kule ng'ambo, kisha nikamsikia Shangazi: "Hapana, usimulaumu. Alikuwa anangaika na ye. Ilikuwa rezo. Si unajua rezo ya Rwanda na mvua?" Alisema mara mbili, kwa sauti ya mtu anayeamini. Uongo wangu, mbovu kama ulivyokuwa, aliuchukua akaupiga pasi akanivisha. Nilitamani anitukane, kwa Kihunde, kwa Kifaransa, kwa lugha yoyote.

Asubuhi alikuwa wa kwanza getini. Safari hii nilimsindikiza mpaka mwisho, nikamwona anapotelea upande wa pili, anatembea upesi, gauni juu ya kichwa.

Picha ilifika adhuhuri kwenye simu ya mke wangu. Mjukuu amesimama mbele ya kanisa na wenzake sita, mishumaa mikononi. Wenzake wameshika mshumaa kwa mikono miwili. Yeye ameushika kwa mmoja, mkono wa pili umekusanya gauni mbele asilikanyage, na ukiikuza picha unaona pini tatu zimewekwa kwa haraka, na juu ya kiatu doa la tope. Anatabasamu. Mtoto hana neno. Mke wangu aliikuza tena, akaniachia simu mezani, akaenda jikoni.

Shangazi bado anatutembelea, na bado ananitania. Ananiita ofisi. Jeton yake anaifunga kwenye ncha ya kanga, anakaza fundo kwa meno, na mimi simwambii nipe. Namsindikiza mpaka bariyeri, mvua au jua. Kisha narudi, nakaa, naweka simu mezani, nje ya kifuko, kioo juu, nangoja.

Simu ya mke wangu ndiyo inayoita. Mara moja, inakatika.

"Amefika," mke wangu ananiambia, na mimi nakuta gumba langu limeshafika kiunoni, juu ya ngozi ya kifuko kitupu.