Fisi Nyuma ya Kalenda

Nilijifunza kusoma ukutani. Nyumba ya mama yangu kule Mwese ni ya udongo, na mama alikuwa akibandika magazeti ndani kwa uji wa muhogo ili vumbi lisidondokee chakula. Magazeti yalitoka Mpanda yakiwa yamefungiwa dagaa, na mengi yalikuwa ya udaku, ya kucheka watu. Wenzangu shuleni wakihangaika na silabi, mimi nilikuwa nasoma nani kafumaniwa na nani kavuliwa uwaziri. Kutoka ukuta ule nilifika Dar es Salaam, nikajisomesha mwenyewe mpaka stashahada ya uandishi wa habari. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Leo nimerudi Mpanda, nina nyumba ya tofali Misunkumilo na studio ya picha inayojulikana mji mzima. Stashahada yenyewe niliitia kwenye fremu ya kioo nikamtundikia mama sebuleni, wageni waione.

Karibu na mlango palikuwa na katuni niliyoipenda tangu utoto. Fisi amevaa suti, tai imelegea, amebeba mfupa ulioandikwa "zahanati". Kila mtu alimjua fisi yule. Alikuwa mwanasiasa wa huku kwetu, na watu walisema gazeti lile lilikuwa linalishwa habari na mahasimu wake. Baadaye yeye na mwenye gazeti walipatana, na gazeti likageuka. Likaanza kuwang'ata waliompinga yeye.

Mmoja wao alikuwa jirani yetu, mwalimu mstaafu aliyegombea udiwani. Wazazi wake walikimbia Burundi kama wangu, na alikuwa amepewa uraia kama sisi. Gazeti lilimchora amejitwika mkeka na sufuria, chini wakaandika kwamba amesahau njia ya kurudi. Watu walicheka mpaka sokoni. Kisha akaanza kuitwa ofisi ya uhamiaji kuonyesha hati yake ya uraia, akirudi anaitwa tena, mpaka akajitoa, akaacha hata kusalimia watu njiani. Ukurasa ule mama hakuubandika. Aliwashia nao moto wa jikoni.

Mwaka jana yule mwanasiasa, sasa Mheshimiwa mkubwa, alikuja Mwese kuzindua kisima. Nilikwenda mwenyewe kwa mtendaji wa kata nikamwambia mgeni wa hadhi ile hawezi kulishwa chini ya turubai. Ale kwa mama yangu, nyumba iliyotoa mwanahabari. Mtendaji akakubali.

Mama hakufurahi. Alisimama mbele ya fisi akauliza, na huyu je? Kumbandua haikuwezekana. Karatasi na udongo vilishakuwa kitu kimoja, angetoka na ukuta. Nikamtuliza. Nilikuwa na kalenda ya Mheshimiwa, kubwa, ya rangi, anatabasamu. Niliitundika kwa msumari juu ya katuni, ikafunika kila kitu.

Mheshimiwa alikula vizuri. Aliisoma stashahada yangu kwa sauti, akanipongeza mbele ya watu, na nilistahili. Halafu akaiona kalenda. Ilimpendeza sana. Akasema lazima amsainie mama, na kabla sijanyanyuka msaidizi wake alikuwa ameshaitoa kwenye msumari.

Watu waliacha kutafuna.

Mheshimiwa alisogea, akainama, akaangalia kwa muda mrefu.

"Huyu mchoraji aliipatia sura yangu," alisema. "Masikio hasa."

Wakacheka, kwa kuchelewa. Msaidizi akatoa simu akapiga picha ya katuni, halafu ya mlango, halafu ya mama. Mheshimiwa alisaini kalenda taratibu, akampa mama kwa mikono miwili.

"Mama, nyie ni wenyeji wa wapi?"

"Hapa hapa Mwese, baba."

"Na kabla ya hapa?"

Mama alitazama mikono yake. Nikajibu mimi, kwa Kiswahili changu cha redioni, kwamba sisi ni raia na hati tunazo.

"Sijauliza hati, msomi," alisema kwa upole. "Nimeuliza kwenu."

Akashukuru kwa chakula, akaondoka.

Haukupita muda, pikipiki ngeni ikaanza kusimama mbele ya nyumba. Mpandaji hakuingia wala hakubisha hodi. Aliangalia mlango, kisha akaenda zake. Nilimwambia mama asiwe na wasiwasi, ninajuana na watu, nitapiga simu. Nilipiga. Mtendaji, ambaye zamani alikuwa akinitafuta yeye, hakupokea.

Nilipopanda tena Mwese, fisi hakuwepo. Mama alikuwa amemkwangua kwa jembe, na kipande cha ukuta kikatoka naye, fito zikabaki wazi. Nilitafuta stashahada yangu mahali pake sikuiona. Fremu ilikuwepo, ila mama alikuwa ameihamishia mkabala na mlango, ambapo mtu anayeingia ataiona kabla hajavua viatu. Nyuma ya kioo ilikuwa hati yake ya uraia.

"Yako iko chini ya godoro," alisema. "Sijaikunja."

Nje, pikipiki ilipunguza mwendo. Mama akaufungua mlango wote, akarudi kukaa chini ya fremu.