Chungu cha Mizizi

Jana mjukuu wangu alichemsha mizizi ya kutibu mgongo wake. Harufu yake chungu iliponifikia kitandani, nilimwuliza hata kabla hajaniamkia, "Unakohoa?"

Nilikuwa mtoto, huko kwetu Mbeya. Mama aliumwa magoti, na bibi, mama yake baba, alimchemshia mizizi ya namna hiyo kila asubuhi. Magoti yalipoa, lakini kikaja kikohozi kikavu, na pumzi ikawa fupi hata debe la maji hawezi kulibeba. Bibi akasema, "Ugonjwa umepanda kifuani," akaongeza mizizi. Mimi niliona mama anakwisha.

Kisha mama na mimi tukaenda msibani Iringa, na dawa ikasahaulika nyumbani. Tulikaa wiki mbili. Mwishoni mama alikuwa anapanda kilima cha Kihesa na kuni kichwani, huku anaimba. Tuliporudi akanywa tena, na siku ya tatu kikohozi kikarudi.

"Bibi, ni hii dawa. Kule aliacha kukohoa."

"Umekuwa mganga lini, mke mwenzangu, na meno ya mbele huna?"

Nikabeba chungu, nikamwaga dawa yote kwenye mgomba, mbele yake. Fimbo nilizipata, na sikulia.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi bibi alikaa mlangoni akisikiliza pumzi ya mama, na mizizi hakuchimba. Mama alipoanza kuimba tena, bibi alikisugua kile chungu kwa majivu, akapikia maharage, akaniita nionje chumvi.