Mume Wangu Aliwaonyesha Radi, Wakamvunja Mkono

Barua hii imetufikia kutoka Isiolo. Jina la mama aliyeiandika tunalo sisi na litabaki kwetu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, nina watoto watatu, na nauza chai kwenye soko la mifugo. Mume wangu ni mwalimu wa fizikia. Aliletwa huku kufundisha miaka kumi na mitano iliyopita, akanikuta na birika langu, akanywa, akaoa. Ni mpole kupita kiasi, na upole wake ndio unaonitia wazimu.

Mvua za mwaka jana radi ilipiga mti mmoja wa mgunga huko Leparua, ikaua ng'ombe wote waliojikinga chini yake. Watu wakasema imetumwa. Wakamshika mjane mmoja, nitamwita Mama Ekai, wakamburuta mpaka sokoni kwetu. Walimchapa fimbo za mgongo mpaka gauni likagandana na ngozi, na mmoja akamkanyaga shingo. Mume wangu akajipenyeza katikati yao, akamlalia yule mama juu ili fimbo zimpate yeye. Akapiga kelele, "Ngojeni! Nitawaonyesha radi ni nini. Mkiona ni uongo, mnipige mimi."

Akaleta kutoka shuleni mashine ya maabara, sanduku lenye waya mwingi uliozungushwa, akaiunganisha na betri ya lori. Cheche ikaruka kwa mlio, ikagonga spana aliyoshika. Watu wakarudi nyuma. "Hii ni radi, ila ndogo," akawaambia. Akaeleza kwamba radi hupenda kitu kirefu, hushuka na mti na kutambaa kwenye udongo uliolowa. Ng'ombe, kwa kuwa miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana, umeme humpanda huku na kutokea kule, ukipitia moyoni. Watu wakaridhika, Mama Ekai akaachiliwa. Mimi nikamnong'oneza mume wangu, "Si ungewaambia tu wasikae chini ya miti, basi? Mambo ya radi ndogo ya nini?" Akacheka.

Siku hiyo alikuwepo mwandishi wa gazeti fulani. Akaandika kwa herufi kubwa kwamba mwalimu wa Isiolo ameshika radi kwa mkono. Habari za mti na udongo hakugusa hata mstari mmoja. Gazeti likafika Oldonyiro, likasomwa kwa sauti, na kila msomaji akatia chumvi yake.

Halafu radi ikaua mtoto wa huko. Walikuja mchana, lori zima, na mume wangu alikuwa amekaa kwenye kibanda changu. Mmoja akamuuliza, "Wewe mwalimu, kama unajua njia yake yote, si wewe ndio unaituma?"

Mungu wangu, akaanza kueleza! Rungu la kwanza lilimpasua midomo, meno yakamwagika kwenye kikombe. Walimwangusha, wakampiga mateke ya mbavu. Wakamuuliza Mama Ekai, aliyekuwa amesimama palepale, kama kweli alimwona akishika radi. Akasema, "Ni yeye. Mimi nilimwona akiishika." Basi wakauweka mkono wa mume wangu juu ya jiwe, wakaupiga kwa kisigino cha shoka mpaka mfupa ukatokeza nje. Niliwamwagia birika zima la chai ya moto, mmoja akalia kama mbuzi, na ningekuwa na birika la pili ningelimwaga pia. Sijutii. Najua Mama Ekai aliogopa wasimrudie. Lakini shukrani ya punda ni mateke.

Mkono umepona, ila umepinda na vidole havifungi. Nilidhani yameisha. Kumbe radi imepiga tena kule Leparua, na sasa wamechoma nyumba ya Mama Ekai. Wamemwambia mifugo ikirudi kutoka malisho ya mbali kutakuwa na mkutano, na asipopata mtu wa kumtetea, atachomwa yeye. Nilikwenda kituo cha polisi. Wakaniambia hawawezi kumshika mtu kwa maneno tu.

Binti yake alikuja akapiga magoti mlangoni kwangu. "Mama, tafadhali, mwalimu akuje na ile mashine yake. Ni yeye tu walimsikia." Nilimzaba kofi. Mume wangu akamwinua, akamkalisha, akamtilia chai yangu mwenyewe.

"Nitaenda," akaniambia.

"Enda bila mashine."

"Bila mashine hawataamini."

"Na ukienda nayo watakuua!"

"Basi safari hii nitaeleza vizuri zaidi."

Nimeificha mashine mahali asipopajua. Hanigombezi, ananiangalia tu, na hilo ndilo linaloniumiza. Nikiivunja, mwanamke atachomwa akiwa hai na mimi nilikuwa najua. Nikimrudishia, nitaletewa maiti, na safari hii sijui kama nitamwaga chai au damu ya mtu. Namchukia yule mama, nasema wazi, lakini sitaki kusikia harufu ya moto wake maisha yangu yote.

Juzi nilimkuta mume wangu anajaribu maneno yake kwa watoto, mti, udongo, miguu ya ng'ombe, polepole kabisa, tena bila kutaja radi ndogo. Alipomaliza akawauliza kama wameelewa. Kitindamimba wetu akaitikia kwa furaha, "Ndiyo baba. Radi ni yako."

Wasomaji, nishaurini. Nimpe mashine, au niivunje?